Mawimbi Yaliyokataa Kurudi Nyuma

Kamati ya mazishi ya Daktari Kilonzo ilikutana katika ukumbi wa kanisa kando ya Jogoo Road, na mimi nikaketi karibu na mlango, kama kawaida yangu, kwa sababu sipendi kukaa mahali nisipoweza kumwona anayeingia. Ndiyo maana nilikuwa wa kwanza kumwona Mutiso. Alikuwa ametoka uwanja wa ndege moja kwa moja, koti lake la nchi za baridi mkononi, kichwa kimejaa mvi, na alisimama pale akiwasalimu watu wasiomjua. Sikuwa nimemwona tangu tulipokuwa vijana, mwaka ule tulipofanya kazi pamoja chini ya Daktari katika chumba cha leza. Mwenyekiti alipotajiwa jina lake aliinuka kwenye kiti. Akawaambia wanakamati kwamba hakuna mwanafunzi wa Daktari asiyeijua hadithi ya Mutiso, kijana aliyesimama mbele ya mgeni kutoka ng'ambo akaikana kazi yake mwenyewe kwa kuwa haikuwa ya kweli. Wakakubaliana papo hapo kwamba kesho, makaburini, Mutiso ndiye atakayeisimulia. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima, nami nikatikisa changu. Hadithi hiyo nimeifundisha miaka mingi. Mimi ni mtu wa kumshuku kila mtu, kuanzia muuza nyanya hadi askofu, lakini hiyo sikuwahi kuigeuza nione upande wa chini. Mutiso alikuja akaketi pembeni yangu, akaninong'oneza kwamba tukimaliza angependa tuzungumze nje, na mara moja nikajiuliza anataka nini.

Mwaka ule wa chumba cha leza nilikuwa nikiishi mtaa wa Mbotela kwa senge, dada ya baba yangu, aliyeuza vitunguu soko la Muthurwa. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la maua: upande wa dirisha kitanda cha senge, upande wa mlango kochi nililolalia, jiko la mafuta ya taa, na magunia ya vitunguu yaliyonifanya ninuke kachumbari hata Jumapili kanisani. Ukuta baina yetu na jirani, Mama Mwende wa Kitui, ulikuwa mwembamba kiasi kwamba tulijua watakula nini kabla wao wenyewe hawajaketi. Senge alimwamini Mungu, na baada ya Mungu hakuwa na mtu mwingine wa kumwamini. Tukila ugali na mrenda aliniuliza habari za kazini, na kila nililomjibu alinirudishia swali. Alitaka kujua kwa nini Daktari amesema hivyo, nani alikuwepo, na mlango ulikuwa wazi au umefungwa. Jambo lililomkosesha usingizi ni nafasi moja ya masomo. Leza yetu tulikuwa tumepewa na maabara ya ng'ambo, na mwisho wa mwaka profesa wao angekuja kuona tumeifanyia nini, kisha angeondoka na mwanafunzi mmoja akasomee huko shahada ya udaktari. Wanafunzi tulikuwa wawili, mimi na Mutiso. Mutiso alikuwa Mkamba wa Machakos na Daktari alikuwa Mkamba wa Kitui.

"Hao ni wa nyumba moja," senge akaniambia. "Nafasi ni moja, na wewe ni Mluhya, tena msichana. Fungua macho, mwanangu. Kikulacho ki nguoni mwako."

Niliyafungua. Sitasema kwamba ni senge aliyeniharibu, kwa maana nilizaliwa hivi, lakini chakula chake kilinilisha vizuri.

Chumba cha leza kilikuwa ghala la zamani la chuo cha ufundi. Meza ya leza ilikuwa nzito kama gari, na mjini chuoni kwetu vyumba vya chini vyote vilikuwa vimechukuliwa na watu wa uhasibu. Ndivyo sayansi ya juu kabisa ilivyokuja kukaa chini ya mabati huku Eastlands, baina ya fundi wa milango ya chuma na kanisa la maombi ya mchana. Madirisha tuliyaziba kwa kitambaa cheusi, kwa sababu kazi ile haitaki mwanga mwingine, na mlangoni palikuwa na kibao chekundu cha hatari. Mtaa mzima ulijua tunafanya nini humo, ila kila mtu alijua lake. Wengine walisema tunachapisha noti bandia. Waumini wa kanisa la jirani walisema tunaabudu shetani, na siku moja walikuja kuuombea mlango wetu wakaupaka mafuta. Daktari, mtu mfupi wa sauti ya chini aliyevaa sweta hata Januari, alitoka akaitikia amina kwa adabu zote, kisha akanituma nifute kitasa, mafuta yasije yakafika kwenye vioo. Nilipokuwa nikifuta nilijiuliza kwa nini hakumtuma Mutiso.

Tulichokuwa tukitafuta ni picha ya mawimbi yaliyomo ndani ya sumaku. Nimelieleza jambo hili kwa njia nyingi darasani, lakini ile iliyo rahisi ni ile niliyomweleza senge akimenya vitunguu. Ndani ya sumaku kila chembe ni kisumaku kidogo kinachoelekea upande mmoja na wenzake, kama waumini waliosimama wakiitazama madhabahu. Mguse mmoja ghafla, atayumba. Akiyumba atamgusa wa pembeni, na kuyumba huko kutasafiri safu hadi safu ingawa hakuna aliyehama mahali pake. Hayo ndiyo mawimbi ya spini. Yanapita upesi mno, hakuna kamera ya kuyanasa, ndiyo maana tulitumia leza inayotoa mwanga kwa mipigo mifupi kuliko muda wowote wenye jina nyumbani kwetu. Mpigo wa kwanza unaigutusha sumaku, wa pili unakuja nyuma yake kuchungulia. Ule wa pili tuliuchelewesha kwa kuupitisha kwenye kioo kilichokaa juu ya reli fupi: kioo kikisogezwa mbali kidogo, mwanga una safari ndefu zaidi na unafika umechelewa. Tulianza kioo kikiwa mwanzo wa reli, tukakisukuma kidogokidogo kwa kompyuta, meza ikiwa imefunikwa, hadi mwisho, na kila kilipotua tukapiga picha. Ukizipanga picha hizo kwa mfuatano unapata filamu ya wimbi likitanuka. Filamu moja ilimaliza mchana mzima, au jioni nzima. Senge alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kisu chini, akauliza, "Na huyo anayechungulia, yeye anachunguliwa na nani?"

Kwa kuwa asubuhi na mchana nilikuwa mjini nikiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, zamu yangu ikawa ya jioni, na Mutiso akashika mchana. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye vidole vya ukoo wa wachonga vinyago. Kioo kilichonichukua saa nzima kukinyoosha, yeye alikigusa mara mbili kikakaa. Sumaku yetu ilikuwa kigae kidogo chembamba, chenye rangi ya asali, cha kupitisha mwanga, ambacho Mutiso ndiye aliyekibandika juu ya kishikio chake. Na baada ya miezi ya kutoona chochote, Mutiso akaanza kuona. Siku niliyofika nikawakuta yeye na Daktari wameinamia kompyuta nilijua kabla hawajageuka. Kwenye skrini kulikuwa na pete za mwanga na giza, moja ndani ya nyingine, na kadiri picha zilivyofuatana ndivyo pete zilivyotanuka kutoka katikati, taratibu, kwa utulivu ambao hata mimi mwenye kijicho niliuona ni mzuri. Daktari alikuwa amevua miwani anafuta macho. Jioni hiyo nilipima kigae kilekile, kwa leza ileile, kwa vipimo vilevile, na sikupata hata pete moja. Nikarudia wiki nzima. Mutiso mchana anapata, mimi jioni sipati. Daktari akasema kwa upole kwamba pengine sina mkono wa kazi hii, na maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenifokea.

Mimi sikuamini habari za mkono. Niliona wazi kwamba Mutiso akimaliza zamu yake analegeza kitu ili mimi nisipate. Nikachomoa uzi kwenye sweta yangu nikauweka juu ya mfuniko wa meza, mahali ambapo mtu angeufungua lazima ungeanguka, nikamwacha aingie na kutoka. Uzi ulianguka alipofungua asubuhi, jambo la halali. Nikauweka tena mchana alipokwenda kula, nikijifanya nimepita kuchukua mwavuli. Jioni niliukuta mahali pake. Basi hakuwa akiharibu kitu. Hilo halikunituliza. Yeye na Daktari walikuwa na tabia ya kuingia Kikamba katikati ya sentensi, wanacheka, kisha wananiona wanarudi kwenye Kiswahili, na kwa hiyo nikaanza kujifunza Kikamba kwa siri kwa Mama Mwende, nikimdanganya kwamba nina mchumba wa kwao. Kwa muda mrefu nilichokipata ni habari za mbuzi na kisima cha Kitui. Kisha siku moja, nyuma ya mbao zilizotenga ofisi ya Daktari, nikasikia jina langu, nikashika na neno la mgeni, na neno la kusema kwamba bado sijaambiwa. Nilirudi Mbotela nikijua kwamba nafasi imekwisha kugawanywa. Kesho yake Daktari aliniita akaniambia kwamba mgeni akija, yeye angefurahi sana kama mimi ndiye ningetengeneza chai na mandazi. Hiyo ndiyo siri waliyokuwa nayo. Nilisema sawa, Daktari, nikatoka nje nikaupiga teke ukuta wa fundi wa milango.

Siku hizo Mutiso alikuwa akileta muthokoi kwenye mkebe, mahindi yaliyotwangwa yakapikwa na maharagwe, na kila mara alinigawia nusu. Senge alikuwa amenikataza kula chakula cha mtu ninayeshindana naye, na ingawa mimi ni mwanasayansi nilikuwa nikikipokea, nashukuru, namwaga kwa kuku wa fundi. Kuku hawakufa. Hata hivyo niliendelea kuwagawia.

Nilipoishiwa na watu wa kushuku ndipo nikaishuku picha. Nilijiuliza hivi: kama ningekuwa mimi ninayedanganya, ni kitu gani ambacho nisingependa mtu yeyote akifanye? Jibu lilikuja nikiwa nimelala kochini, nikisikiliza ukutani wakimwita Mwende aje anawe mikono. Tangu siku ya kwanza sisi sote, Daktari, Mutiso na mimi, tulikuwa tukikianzisha kioo mwanzo wa reli na kukimaliza mwisho. Hakuna aliyewahi kukianzisha mwisho. Lakini wimbi la kweli halijali unaanzia wapi kulitazama. Ukikirudisha kioo kinyumenyume, kuanzia mwisho wa reli hadi mwanzo, pete zinapaswa kuanza zikiwa pana na kusinyaa kurudi katikati, kwa sababu unayaona matukio kutoka la mwisho hadi la kwanza. Pete zikiendelea kutanuka hata hapo, basi hazina habari na sumaku. Zinafuata saa ya ukutani. Nilikaa kitandani, yaani kochini. Senge aliuliza kuna nini, nikamwambia ni mbu.

Jumamosi iliyofuata Mutiso alikwenda Machakos kwenye sherehe ya mahari ya binamu yake, nami nikaupata mchana. Niliingia asubuhi mabati yakiwa bado baridi, nikakipeleka kioo mwisho wa reli, nikaanza kukirudisha. Fundi wa jirani alikuwa akikwangua chuma, waumini wakaimba, jua likapanda, chumba kikawa cha kutoa jasho. Kufikia mchana pete zilikuwa zimetokea. Kufikia alasiri nilizipanga picha zote nikazichezesha, na pete zikatanuka, taratibu, kwa utulivu uleule mzuri, zikitoka katikati kwenda nje kana kwamba sikuwa nimegeuza kitu. Nilicheka peke yangu. Sitaki mtu anifikirie vizuri kuliko nilivyokuwa: nilifurahi sana. Kisha nikainama kukitazama kigae kwa karibu nikasikia harufu niliyoijua kutoka vibanda vya vinyago, ile nta ya kung'arishia mbao. Gundi yetu ya ng'ambo ilikuwa imekwisha, na Mutiso, mtoto wa wachongaji, alibandika kigae kwa nta ya mjomba wake, iliyoshika vizuri vitu vyote alivyowahi kuvibandika. Chini ya mabati nta ililegea kadiri mchana ulivyopanda, kigae kikazama unywele kwa unywele, na ule uwazi mwembamba chini yake ukatoa pete za mwanga kama zile unazoziona kwenye mafuta ya gari juu ya dimbwi. Kadiri joto lilivyopanda ndivyo pete zilivyotanuka. Jioni, nta ikiwa imeganda, hapakuwa na pete. Hakukuwa na mdanganyifu. Kulikuwa na jua. Nilikuwa bado nimeinama pale stima ilipopotea. Kompyuta ikazimika, kioo kikabaki mwanzo wa reli kilipofika, nikafunika meza gizani, nikafunga, nikaenda nyumbani.

Ningeweza kumwambia Mutiso Jumatatu. Nililifikiria, na nikaona atakavyofanya: atatafuta gundi nzuri, atakibandika upya, na mgeni akifika atakuta kila kitu kimerekebishwa na aliyerekebisha ni yeye. Ningeweza kumwambia Daktari, naye angemwita Mutiso, na wangezungumza Kikamba. Senge hakuyaelewa mambo ya nta lakini hayo mengine aliyaelewa vizuri sana, akasema nifunge mdomo mpaka mgeni awe ameketi, niseme mbele ya mashahidi. Ndivyo nilivyoamua. Mgeni alikuwa anakuja Alhamisi. Wiki hiyo Mutiso alibadilika. Alinyamaza sana, alinitazama nikigeuka, na Jumatano akaniletea mkebe mzima wa muthokoi badala ya nusu. "Neky, uko sawa?" akaniuliza. Nikamwambia niko fiti. Akasimama pale akichezea kifuniko. "Kama kuna kitu unataka kuniambia, si uniambie tu." Nilimwambia hakuna kitu, na nilipoondoka nilimpitia Mama Mwende kumuuliza kama Wakamba wana desturi ya kumpa mtu chakula kingi kabla ya kumfanyia ubaya. Alinitazama kwa muda, akasema labda nimwache huyo mchumba.

Mgeni alikuwa mama wa makamo mwenye nywele fupi na viatu vya kutembelea milimani. Aliketi kwenye kiti pekee kizima, Daktari akawasha kompyuta, na mimi nilikuwa nimesimama na sinia ya chai nikingoja pete zimalize kutanuka ili niseme. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kwa Kiingereza tangu Jumapili. Filamu haikuwa imefika nusu Mutiso aliposimama. Alisema kwa sauti iliyokuwa ikikatika kwamba anaomba radhi kwa mgeni na kwa mwalimu wake, lakini picha hizo si za mawimbi ya spini. Kwamba amepima kinyume, kuanzia mwisho wa reli, na pete zimekataa kurudi nyuma. Kwamba kosa ni nta, na aliyeiweka nta ni yeye. Daktari alikaa chini juu ya kreti ya soda. Mgeni aliinuka, akampa Mutiso mkono, akasema kwamba watu wa kupata picha nzuri wako wengi kwake, lakini mtu wa kusimama mbele ya nafasi yake mwenyewe na kuikanyaga hajakutana naye mara nyingi. Chai ilikuwa inapoa mikononi mwangu. Ningesema nini? Kwamba hata mimi nilijua? Mtu anayesema hata mimi nilijua, baada ya mwenzake kusema, hana tofauti na mwongo. Niliweka sinia mezani nikamimina.

Nafasi akaipata Mutiso, kwa ajili ya unyofu wake. Nililia kochini usiku huo na nikamkasirikia Mungu, lakini Mutiso sikumkasirikia, na hilo lenyewe lilinishangaza. Nilisadiki kwamba sote wawili tulifika mahali pamoja kila mtu kwa njia yake, ila mimi niliuficha ukweli niutumie kama kisu, na yeye aliutoa ukamkate mwenyewe. Senge hakukubali. "Huyo alinusa kitu akatangulia," alisema, na ndiyo mara pekee nilipombishia mezani. Nilimwambia si kila mtu ni mwizi. Baada ya Mutiso kuondoka nilikibandika kigae kwa gundi ya kweli, na kabla mwaka haujageuka niliyaona mawimbi yenyewe, mchana na jioni, membamba, hafifu, si mazuri hata kidogo kama zile pete. Nilikirudisha kioo nyuma, nayo yakasinyaa kurudi katikati kwa utiifu, na Daktari akavua miwani tena. Maabara hiyo ndiyo ninayoiongoza hadi leo. Daktari alikisimulia kila kikundi kipya kisa cha Mutiso, na alipostaafu nikaendelea mimi. Nilipojaribiwa kupunguza doa katika matokeo, kuficha kipimo kilichokataa, nilijiuliza Mutiso angefanya nini. Kuna miaka nilibaki nyuma ya wenzangu kwa sababu ya swali hilo.

Kamati ilipofikia habari za mahema na viti, Mutiso alinigusa mkono tukatoka. Jua lilikuwa linazama nyuma ya magodauni, na wamama wa kanisa walikuwa wakipanga vikombe kwenye meza ya nje. Hakuzunguka. Alisema kesho hawezi kusimama makaburini na hadithi ile kabla sijaisikia yote.

"Jumatatu ile nilikuta kioo kimekaa mwanzo wa reli," akasema. "Sisi tukimaliza kazi kioo kinabaki mwisho, kila siku. Nikasema nani amekirudisha? Halafu nikaelewa hakikurudishwa. Mtu alianzia mwisho. Na mwenye ufunguo mwingine alikuwa ni wewe."

Jumanne akapima kama nilivyopima, akaona nilichoona. Akangoja nimwambie. Jumatano akaniuliza, nikamwambia hakuna kitu, na hapo akajua kwamba ninakingoja kiti cha mgeni kijae.

"Kwa hivyo ulijua nitasema," nikamwambia.

"Nilijua. Nikakutangulia."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakavuma. Ile nafasi ilikuwa yangu. Niliinunua kwa Jumamosi moja ya jasho chini ya mabati, na yeye akaenda nayo ng'ambo pamoja na jina la mtu mnyofu, akaniachia mimi sinia ya chai na mfano wa kufuata maisha yangu yote. Nilimwambia hayo yote, si kwa sauti ya chini, na wamama wa vikombe wakajifanya hawasikii. Hakujitetea. Alisema alikuwa na wasiwasi wake hata kabla, joto likizidi harufu ya nta ilizidi, lakini wasiwasi wa kijana anayetaka kupanda ndege huwa mdogo. Akaniuliza kesho aseme nini. Swali lake nililiweka kando, kwa sababu kulikuwa na jambo nililolitaka kuliko hilo.

"Kama ungekikuta kioo mahali pake pa kila siku," nikamuuliza, "ile picha ungeiacha iende?"

Ndani walianza sala ya kufunga, tukasikia viti vikisukumwa na watu wakisimama.

"Sijui, Nekesa," akasema. "Nimejiuliza miaka yote hii, na haki ya Mungu sijui."

Nilimkazia macho nikitafuta uongo usoni mwake, maana hiyo ndiyo kazi ninayoijua, na sikuuona.